Posa Kutoka Japani

Mzee Tamimu alipotoka chumbani siku ya Jumatano amevaa kanzu ya Idi na kofia ya kushonwa kwa mkono, ananukia udi hadi uani, Jihan alijua mambo yameharibika.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Siendi mahali. Wageni wanakuja."

"Hawaji, Baba. Ni simu. Watanipigia kwa video, wataniuliza maswali, tutaagana. Basi."

"Si wewe uliyenisomea ujumbe wao? Walisema mwishoni wangependa kuonana na wazazi." Mzee Tamimu aliketi kwenye kochi, akanyoosha kanzu magotini. "Sasa nikuulize. Mtu anayemtaka binti wa watu, kisha akaomba kuonana na wazazi wake, kwetu anaitwa nani?"

Anaitwa mposaji; Jihan alilijua hilo, na mtu wa shughuli hiyo alikuwa tayari anapiga hodi mlangoni: Mzee Octavian, jirani yao hapo Lipangalala, Ifakara, Mndamba mwenye sauti ya kengele, msemaji wa posa zote za mtaa ule, za kanisani na za msikitini. Mzee Tamimu asili yake ni Kilwa. Babu yake alifika Ifakara na mzigo wa chumvi, akafungua duka, lakini desturi hakuziacha Kilwa. Na kwa desturi hizo, siku ya posa baba wa binti hafungui kinywa. Anakaa kimya, mtu mwingine anamsemea. Kwa hiyo alikuwa amejitafutia mtu wa kumsemea mbele ya Wajapani.

"Shikamoo, Babu," Jihan alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wakwe wamefika?"

Mtu anaweza kucheka. Jihan hakucheka, maana ndani ya simu ile iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai palikuwa na maisha yake yote.

Hadithi yake na Kijapani ilianzia kwenye gari. Jirani mmoja alinunua gari lililokwisha kutumika Japani, na kila akiliwasha, mwanamke fulani ndani ya dashibodi alitoa maneno marefu kwa upole. Nchi nzima ina magari ya namna hiyo na nchi nzima imezoea. Mtu anawasha gari, mama wa Kijapani anahubiri, mtu anaondoka zake. Jihan peke yake ndiye aliyekosa raha akitaka kujua mama yule anamwonya nani. Akaanza kujifunza kwenye simu, akaingia darasa la Mwalimu Brigitha wa Morogoro, aliyewahi kuishi Japani na sasa anafundisha kwa mtandao. Tangu hapo nyumba haikukalika. Wateja wa magunia na maturubai waliotoka Malinyi na Mngeta walikaribishwa dukani kwa "irasshaimase", wengine wakadhani binti wa Tamimu amepandisha mashetani. Wali ukiwa mtamu alisema "oishii", ukiwa na mawe alisema hivyo hivyo, kwa sababu neno la mawe alikuwa hajafika.

Tuseme kweli, hakujua mengi. Alikuwa na maneno ya mtoto wa miaka mitatu, tena mtoto asiyetembelea sana majirani. Lakini alikuwa na ulimi mwepesi na hakuona haya kukosea, na Mwalimu Brigitha alimpendea hilo. Ndipo likaja tangazo la nyumba ya kulelea wazee katika mji mdogo wa Japani, huko theluji inakofika madirishani. Walihitaji msichana mmoja. Baada ya mchujo walibaki wawili, Jihan na msichana mwingine wa Dodoma.

Jioni ya kuamkia usaili Mwalimu Brigitha alimpigia kumpa wosia. "Jihan, mwanangu, ongea unachokijua, usichokijua tabasamu. Ila kitu kimoja usikiguse. Usitaje kifo. Ile ni nyumba ya wazee. Neno hilo kwao ni zito, hata namba nne watu wanaikwepa kwa kuwa ina jina linalolingana nalo. Ukilitaja kwenye intavyuu, umejifunga goli mwenyewe."

"Sitalitaja, Mwalimu."

Alijibu hivyo akijua kwamba ahadi hiyo ni ngumu, kwa sababu Mzee Tamimu alikuwa na swali moja tu kwa mtu yeyote atakayemchukua mwanawe kwenda ng'ambo, na swali hilo lilikuwa la kifo.

Mzee Tamimu alikuwa na dada, Nasma. Dalali mmoja alimchukua kwenda kufanya kazi za ndani nchi ya mbali. Dalali yule alikuwa na majibu ya kila kitu: mshahara upo, simu ipo, bima ipo, wasiwasi wa nini, mzee. Nasma aliondoka na begi jekundu. Ikapita miaka miwili, ikaja simu ya mtu asiyejulikana, ikisema Nasma amefariki na shughuli zote zimekwisha. Nani alimwosha, nani alimswalia, amelala wapi, hakuna aliyejibu mpaka leo. Walisoma hitima Ifakara bila kaburi. Na mwezi uliopita, pale sokoni, dereva mmoja wa lori akamwambia Mzee Tamimu kwamba Wajapani maiti zao wanazichoma moto. Siku hiyo alirudi nyumbani, akasukuma sahani, akalala na shati lake la dukani.

Saa nne kamili simu iliita.

Kwenye kioo walitokea watu wawili. Mmoja ni mama wa makamo mwenye miwani, nywele fupi zenye mvi, ndiye mkuu wa nyumba ile, jina lake Morita. Mwingine ni kijana wa kiume aliyekuwa akiandika. Baba, mama na Mzee Octavian walikuwa wamekubali kungoja uani, na kwa muda mambo yalikwenda vizuri kuliko Jihan alivyothubutu kuomba. Alijitambulisha. Akasema anapenda kupika. Bi Morita akamuuliza jambo refu, yeye akakamata maneno mawili ndani yake, akajibu kwa matatu, na mama yule akacheka kwa furaha, akapiga makofi madogo. Akaulizwa kama aliwahi kutunza mzee. Akaeleza kwa mikono na kwa maneno namna alivyomlisha uji bibi yake mzaa mama na kumgeuza kitandani. Kijana akaandika kwa bidii. Jihan aliisikia furaha ikimpanda kifuani, akajikanya isionekane usoni.

Kisha Bi Morita akasema neno ambalo Jihan aliliombea lisahaulike. "Otousan, okaasan." Baba na mama.

Waliingia kwa mpangilio. Mbele Mzee Octavian, katikati Mzee Tamimu, nyuma yao mama yake, Bi Chiku, ameshika sinia la vitumbua vya mchele na vikombe vya chai. Akaliweka mezani, mbele ya simu kabisa, ili wageni waone wamekirimiwa. Bi Morita akaviona vitumbua vimejaa kioo, akainamisha kichwa. Bi Chiku naye akapiga goti kidogo. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya.

Mzee Octavian akasafisha koo.

"Tumesikia hodi," alianza, kwa sauti ya kufika hadi Japani bila mtandao. "Tumeangalia, tumeona watu wamesimama kwenye uzio wetu, wameona ua limechanua. Sisi tunauliza. Mmekuja kunusa, au mmekuja kuchuma? Na kama mmekuja kuchuma, bustani yenu ina maji? Fasiri, mjukuu wangu."

Jihan alitafuta kichwani. Ua alikuwa nalo. Maji alikuwa nayo. Uzio hakuwa nao. Akawauliza wale watu, kwa adabu zote, kama wanapenda maua na kama wana maji.

Bi Morita na kijana wakatazamana. Kisha mama akajibu taratibu kwamba ndiyo, anapenda sana maua, na maji yapo, mengi. Jihan akafasiri.

"Wamejibu vizuri," Mzee Octavian alisema, akamtazama Mzee Tamimu. "Watu hawa wana malezi."

Mzee Tamimu hakutabasamu. Alimsogelea msemaji wake, akamnong'oneza sikioni, na mnong'ono ule ulikuwa mrefu. Jihan aliangalia midomo ya baba yake ikicheza akatamani umeme ukatike. Ulikuwa na kawaida ya kukatika kila siku wakati kama huo, lakini siku hiyo ulijikalia. Mzee Octavian aliponyanyua kichwa hakuwa tena na uso wa harusi.

"Mwambie mama huyu," alisema kwa sauti ya chini. "Nyumba hii ilishatoa mtu, mtu hakurudi, na kaburi lake hatulijui. Kwa hiyo baba mtu anauliza, na anataka kujibiwa kwa wazi. Mtoto huyu akifia kwenu, mtamfanya nini? Mtamchoma moto, au mtampa udongo?"

Jihan aliona kwenye kioo Bi Morita akisubiri, kichwa kimeinama upande mmoja, tabasamu lingali usoni.

Ingekuwa nafuu kama asingekuwa na maneno. Lakini alikuwa nayo. Moto na udongo ni maneno ya mwanzo kabisa, kwa kuwa Wajapani wamezipa siku za wiki majina hayo, na kila mwanafunzi huanza na siku za wiki. Neno la kifo alilijua tangu Mwalimu Brigitha alipomkataza. Yote matatu yalikuwa kinywani, na alijua akiyatoa, msichana wa Dodoma atapanda ndege. Alimfikiria msichana yule, ambaye hakuwahi hata kumwona, akitembea kwenye theluji yake.

"Chichi wa," alisema. "Arigatou gozaimasu to iimashita." Baba amesema ahsante sana.

Mzee Octavian akakunja uso. "Mbona fupi? Mimi nimemwaga mto Lumemo mzima, wewe umechota kijiko."

"Lugha yao ni fupi, Babu."

"Umemwambia?" baba yake aliuliza.

"Nimemwambia."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na hii haikuvuka hata meza. Maana Bi Morita, aliyeambiwa ahsante, alifanya linalofanywa na mtu aliyeambiwa ahsante. Alitabasamu kwa meno yote, akainama mbele mpaka mvi za utosini zikaonekana. Kijana naye akatabasamu, akainama.

Mzee Tamimu aliwatazama. Rangi ya uso wake ilibadilika.

"Anacheka," alisema.

"Baba..."

"Nimemuuliza kama atamchoma mwanangu, na anacheka." Alisimama. Kanzu ikagonga sinia, kikombe kimoja kikapinduka, chai ikatambaa mezani. "Hata yule aliyemchukua Nasma hakucheka. Kata simu."

"Baba Jihan, kaa kwanza," Bi Chiku alisema.

"Sikai. Chiku, sikai. Mtu anacheka kifo cha mtoto wa mwenzake mbele ya uso wa mwenzake. Binti yangu haendi kwa watu hawa. Kata simu, Jihan."

Mkono wa Jihan ulikuwa umekwisha kuifikia simu. Angeikata, baba yake angeishi akiamini kwamba mama yule alimcheka. Asingeikata, angelazimika kusema. Na kusema kulikuwa na pande mbili, kila upande una mtu aliyemdanganya. Chai ya moto ilimchuruzikia gotini, asiisikie.

"Jihan-san." Sauti ya Bi Morita ilikuwa imebadilika. Tabasamu lilikuwa limeondoka. Alikuwa amemwona mzee aliyeshukuru sasa hivi amesimama na ngumi zimekunjwa, na hakuhitaji lugha kulielewa hilo. "Otousan wa nan to iimashita ka." Baba alisema nini?

Lilikuwa swali la somo la tano la Mwalimu Brigitha, na sasa aliulizwa yeye.

"Baba, usiondoke," Jihan alisema bila kugeuka. "Hajacheka kifo changu. Hakuulizwa. Mimi sikumwuliza."

Hakungoja kuona uso wa baba yake. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Sumimasen. Chigaimasu." Samahani. Sivyo. "Chichi wa, arigatou, iimasen deshita." Baba hakusema ahsante. Sarufi yote ilikuwa imemkimbia, akabaki na maneno matupu, akayatoa moja moja. "Watashi, Nihon de, shinimasu. Hi desu ka. Tsuchi desu ka."

Mimi, nikiwa Japani, ninakufa. Ni moto? Ni udongo?

Kijana aliacha kuandika. Alifungua kinywa aseme neno, Bi Morita akanyanyua kiganja kumzuia. Mama yule akavua miwani. Akamtazama Mzee Tamimu, si Jihan, akamtazama kwa muda ambao kwenye simu ni mrefu mno, mpaka Jihan akadhani mtandao umeganda. Kisha akasema maneno mengi kwa sauti ya chini ambayo Jihan hakuyaelewa hata moja. Akaona mwenyewe kwamba hayafiki. Akayaacha, akaanza upya kwa machache.

"Wakarimasen," alisema. Akagusa kifua chake. "Shirabemasu." Akaonyesha kwa kidole kama mtu anayefuata mistari ya kitabu. "Ashita."

"Anasemaje?" Mzee Tamimu aliuliza kutoka pale aliposimama.

Jihan alifunga macho. Neno la kwanza lilikuwa baya kuliko yote aliyoweza kupewa. Baba yake alikuwa akiuliza udongo au moto, na udongo lilikuwa neno moja, jepesi, ambalo lingemketisha mzee na kuumaliza mchezo. Nani angejua? Mzee Octavian? Mama? Hakukuwa na mtu Ifakara nzima wa kumkosoa.

"Anasema hajui, Baba."

Mzee Octavian akakohoa. Bi Chiku akashika mdomo.

"Hajui?"

"Hajui. Anasema atatafuta jibu, atapiga kesho."

Mzee Tamimu alirudi mezani polepole. Hakuketi. Aliinama mpaka uso wake ukajaa kioo chote, akamtazama mwanamke yule aliyevua miwani. Jihan akangoja kusikia neno la mwisho.

"Yule wa Nasma alijua kila kitu," Mzee Tamimu alisema. Kisha, yeye ambaye kwa desturi hakutakiwa kufungua kinywa, akamwambia Bi Morita mwenyewe, kwa Kiswahili, taratibu: "Kesho nitakuwepo."

*

Mwalimu Brigitha alipiga kabla chai haijafutwa mezani. "Umelitaja?"

"Nimelitaja, Mwalimu."

"Sijui nikwambie nini, mwanangu. Wamesema watakupigia tena kesho. Mwenzako wa Dodoma hakuahidiwa simu ya pili. Sijui ni heri au ni shari."

Siku ile dukani mteja alitaka turubai la mita sita, Jihan akampimia kamba ya mita sita. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Baba yake alikaa upande wa pili wa kaunta, hakumgombeza, na hiyo ilimtesa kuliko kugombezwa. Mara moja tu, wakati duka halina mtu, alisema akiwa ameangalia barabara yenye tope.

"Uliniangalia machoni ukaniambia umemwambia."

"Nisamehe, Baba. Niliogopa watanikataa."

"Najua uliogopa nini. Sikukuuliza." Akaenda kuswali adhuhuri.

Alhamisi hakuvaa kanzu. Alivaa shati la dukani, akaketi mbele ya simu kabla ya saa nne, mikono juu ya meza. Mzee Octavian hakuitwa. Alipita dirishani mara mbili akiuliza hali za watu, akajibiwa kuwa ni njema, akaelewa. Mvua iligonga bati, na kila ilipozidi, alama za mtandao zilipungua, zikabaki mbili, ikabaki moja. Bi Chiku alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, anavuta tasbihi kimyakimya. Saa nne ilifika ikapita.

"Hapigi," Mzee Tamimu alisema.

"Mtandao, Baba. Ni mvua."

"Aliyesema kesho ni yeye."

Simu ikaita.

Bi Morita alikuwa peke yake. Hakuzunguka. Alimwinamia Mzee Tamimu, akasema neno moja, akalirudia ili lisipotelee kwenye mvua.

"Tsuchi desu."

"Udongo," Jihan alisema, na sauti ikamkatika. "Ni udongo, Baba."

Mama yule akaleta karibu na kioo picha aliyoichapa kwenye karatasi. Majani mafupi, milima nyuma, mawe madogo yamesimama kwa safu, na kwenye jiwe la mbele maandishi ambayo Bi Morita hakuweza kuyasoma, ila kila mtu sebuleni pale aliyasoma: Bismillah. Kwa maneno machache na vidole vingi alieleza kwamba amempigia simu imamu, kwamba wako watu wa kuosha, wako wa kuswalia, na kwamba makaburi yako mbali na mji wake, mbali sana, nusu siku kwa gari. La mbali hakulificha. Alilisema mara mbili.

Jihan alifasiri kila kitu, na la mbali pia.

Mzee Tamimu aliinua viganja, akajifunika uso, akabaki hivyo. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Bi Chiku akamwekea mkono mgongoni. Yeye na Jihan walijua kwamba wakati huo hakuwa akimlilia Jihan.

Alipoteremsha mikono alikuwa karibu kutabasamu. "Hata Malinyi ni mbali masika yakianza," alisema. "Mwambie nimekubali. Mwambie baba wa binti amekubali mwenyewe, kwa kinywa chake."

Jihan aliyatamka huku akicheka na kulia, vibaya, bila mpangilio, na Bi Morita aliyapokea kwa kuinama chini kabisa. Basi, alijiambia. Imekwisha. Alikwisha kuanza kufikiria begi gani atabeba.

Lakini mama yule alipoinuka hakuwa na uso wa mtu aliyemaliza. Alimgeukia Jihan sasa. Alisema kwa muda, taratibu, bila ukali, na Jihan akayakamata maneno kama mtu anayeokota mchele uliomwagika: jana. Uongo. Kisha mkono wa mama ukaenda kinywani kuonyesha mtu asiyeweza kusema, na nusu ya uso wake ikalegea, kama ya mzee aliyepigwa kiharusi. Obaasan. Bibi. Itai, inauma. Akaelekeza kidole kwa bibi yule asiyeonekana, kisha kwa Jihan, kisha kwa daktari fulani pembeni. Arigatou, ahsante. Akatikisa kichwa.

Maneno hayo machache yalimtosha. Bibi anasema inauma, na mtu aliyepewa kuyabeba maneno yake anamwambia daktari kwamba bibi anashukuru.

"Kotoshi," Bi Morita alisema. Mwaka huu. Akapishanisha mikono kifuani, mmoja juu ya mwingine, ishara ya kukataa, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Sumimasen."

Mvua ilipungua kidogo. Mzee Tamimu, ambaye tabasamu lake la kwanza tangu simu ya jana ndiyo kwanza lilikuwa limekaa sawasawa usoni, alimgusa bintiye begani.

"Anasemaje? Anataka uondoke lini?"

Bi Chiku naye alikuwa anangoja, tasbihi imesimama mkononi. Jihan aliwatazama wazazi wake, akaona namna walivyokuwa na furaha, akajua ataikata sasa hivi kwa mkono wake.

"Hanichukui, Baba," alisema. "Anasema baadhi ya wazee wake hawawezi kusema. Mtu wa kuwasemea akibadilisha neno kwa kuogopa, mzee anaumia na hakuna anayejua. Anasema jana nilisema uongo. Mwaka huu amekataa, na anaomba radhi."

"Umefasiri sawasawa?"

"Neno kwa neno."

Mzee Tamimu alimtazama mwanamke yule wa kwenye kioo, naye akamtazama, na kwa muda walikuwa wazazi wawili waliokaa upande mmoja wa meza. Kisha akageuka kwa bintiye. Katika zogo lote lile, msemaji, ua, uzio na udongo, wakubwa walikuwa wamezungumza juu yake, naye akawafasiria. Hata kwenye posa ya kweli huja wakati bibi harusi anaulizwa.

"Na wewe," alimwambia, "unasemaje?"

Jihan alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Alifikiri kidogo, akayapanga maneno kabla ya kuyatoa, akaitazama simu.

"Rainen," alisema. "Mata, onegai shimasu."

Kisha akamgeukia baba yake, akamweleza maana yake kabla hajaulizwa.

"Nimemwambia, mwakani naomba tena."